Kitanda cha tano kwa sita cha mbao ya paini: kiungo gani kitavumilia kufumuliwa kila tunapohama?

MpangajiKihonda ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu.

Naishi Morogoro katika nyumba ya kupanga, na ninakusudia kutengeneza kitanda cha futi tano kwa sita mwenyewe badala ya kununua kilicho tayari. Sidharau kazi ya mafundi wa barabarani, ila nimechunguza vitanda vingi vinavyouzwa kwa bei ninayoimudu na nimeona kwamba mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, hupigiliwa misumari moja kwa moja kwenye matendegu (miguu ya kitanda), kisha pengo likazibwa kwa unga wa mbao uliokorogwa na gundi na kupakwa vanishi nzito juu yake. Kitanda cha namna hiyo hupendeza kikiwa pale kando ya barabara, lakini sisi wapangaji tunahama, na mlango wa chumba chetu una upana wa sentimita 75 tu, kwa hiyo kila kuhama ni kung'oa misumari na kuipigilia upya katika matundu yaliyokwisha kulegea.

Vifaa nilivyonavyo ni msumeno wa mkono, randa, patasi mbili, skwea, keekee ya umeme na klampu nne. Nimeulizia mbao za paini kutoka Mufindi, ambazo hapa mjini zinapatikana kwa wingi, na yupo muuzaji mwingine aliyenishauri nichukue mtiki mwembamba kutoka mashamba ya wakulima. Aidha, ndugu yangu aliyemaliza kuezeka nyumba yake amenipa bure vipande vya mbao za dawa, zile za kijani zilizobaki kwenye paa, navyo vinatosha kwa chaga zote, yaani mbao za kukingama zinazobeba godoro.

Naomba kujua mambo matatu. Je, paini inaweza kubeba watu wazima wawili na mtoto bila kupinda? Kiungo gani kati ya mfumbati na tendegu kinaweza kufunguliwa na kufungwa mara nyingi bila kulegea? Na chaga ziwe ngapi, na je, mhimili wa katikati ni wa lazima?

JiraniWaMsumeno amejibu:

Nitaanza na lile ambalo hukuliuliza. Mbao za dawa zisiingie kabisa kwenye kitanda hicho. Dawa iliyozoeleka zaidi katika mbao za paa na nguzo ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, na rangi ile ya kijani hutokana hasa na shaba. Kule juu darini hakuna anayezigusa, lakini kitandani utazikata kwa msumeno, utazipiga msasa na kuvuta vumbi lake, kisha mtakuwa mnalala juu yake kila siku, huku mtoto mdogo akiwa na kawaida ya kung'ata chochote kilicho karibu na mdomo wake. Nchini Marekani viwanda viliacha kutia dawa hiyo katika mbao za matumizi ya kawaida ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003, na mwaka uliofuata Umoja wa Ulaya nao uliibana. Mrudishie ndugu yako vipande vyake ajengee banda au uzio, na umwombe asivitie jikoni kama kuni, kwa sababu aseniki hubaki katika majivu na nyingine hupanda na moshi.

Hayo mengine nawaachia wenye randa.

Mzee wa Patasi amejibu:

Ndugu mpangaji, swali lako la pili ndilo lenye kitanda chote ndani yake, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu na mengine nitayapitia kwa ufupi.

Paini inatosha. Watu huilaumu paini kwa makosa ya viungo. Mfumbati wa inchi mbili kwa sita uliosimamishwa kwa ubavu wake mwembamba una nguvu kupita mahitaji ya kitanda cha kulalia, na ukikuta kitanda cha paini kimeanguka, aghalabu ubao wenyewe ni mzima na kilichoachia ni msumari. Mtiki wa miti michanga sikushauri kuununua kwa macho yaliyofumba: mti ukikatwa ungali mwembamba, sehemu kubwa ya ubao huwa ni ile nyeupe ya nje, ambayo haina ule uimara unaousikia ukisifiwa, nayo hushambuliwa na wadudu watobozi kama mbao nyingine yoyote. Mtiki wenye sifa ni ule wa kiini cha rangi ya dhahabu iliyofifia. Mninga na mkongo ni mbao bora kuliko zote hizi, lakini kwa patasi mbili na msumeno wa mkono utachoka kabla ya kumaliza tendegu la pili.

Sasa kiungo. Kitanda kinachofumuliwa hakifumuliwi kila mahali. Kina ncha mbili ambazo hazifunguliwi kamwe, yaani upande wa mchago na upande wa miguuni, kila mmoja ukiwa na matendegu yake mawili na mbao za kukingama zilizounganishwa kwa ulimi na tundu na kutiwa gundi. Kati ya ncha hizo kuna mifumbati miwili, na ni mifumbati hiyo peke yake inayotoka. Ncha ya mchago utaipitisha mlangoni kwa kuisimamisha ubavu, kwa hiyo sentimita zako 75 zinatosha na kubaki.

Mahali mfumbati unapokutana na tendegu, kuna kazi mbili zinazopaswa kufanywa na vitu viwili tofauti. Kazi ya kwanza ni kubeba uzito na kuzuia mfumbati usijizungushe. Chaga hukaa upande wa ndani wa mfumbati, na kwa hiyo kila anapolala mtu, mfumbati hutaka kujipindua kuelekea ndani. Bolti moja peke yake haiwezi kuuzuia, kwa kuwa mfumbati utaizunguka kama gurudumu kwenye ekseli. Kazi hiyo ni ya ulimi mfupi. Chonga mwisho wa mfumbati ulimi wenye urefu wa sentimita 2, unene wa theluthi moja ya ubao, na kimo kinachokaribia kimo chote cha mfumbati, kisha chimba tundu lake kwenye tendegu liwe la kubana kiasi cha kusukumwa kwa kiganja. Hapa hakuna gundi.

Kazi ya pili ni kuvuta, nayo ni ya bolti. Tafuta bolti ya unene wa milimita 10, yenye urefu wa takriban sentimita 17, ile inayofungwa kwa spana namba 17. Toboa tundu lipite katikati ya tendegu kutoka nje, litokee katikati ya lile tundu la ulimi, lipenye ulimi na kuendelea ndani ya mfumbati sambamba na nyuzi za mbao. Kisha, kwa upande wa ndani wa mfumbati, mahali ambapo godoro litaficha, chimba kijumba cha mraba cha kuingiza washa na nati. Kijumba hicho kiwe sentimita 6 au 7 kutoka kwenye bega la ulimi, yaani pale ulimi unapoanzia. Ukikileta karibu zaidi, mbao iliyobaki kati ya nati na mwisho wa ubao itakuwa fupi, na nyuzi fupi hung'oka kama kizibo pale unapokaza. Keekee yako itoboe tundu la milimita 12 ili bolti ipate nafasi ya kujiweka sawa, na uweke washa pana pande zote mbili, kwa sababu kichwa cha bolti kisichokuwa na washa huzama ndani ya paini kila unapokaza.

Njia rahisi ya kuhakikisha tundu la tendegu na la mfumbati linakutana ni kutoboa tendegu kwanza, kuvalisha ulimi mahali pake, kubana kwa klampu, halafu kupitisha keekee ndani ya tundu la tendegu liwe ndilo mwongozo wa kutobolea mfumbati. Ukipima kila kimoja peke yake, hata milimita 3 za upotofu zitakuletea shida. Na kabla ya kufumua, tia alama za patasi kwenye kila kiungo, mstari mmoja kwa kiungo cha kwanza, miwili kwa cha pili na kuendelea, kwa kuwa ndimi zilizochongwa kwa mkono hazibadilishani mahali.

Kwa matendegu, usinunue nne kwa nne ya paini. Mara nyingi huwa na moyo wa mti katikati, nayo hupasuka ikikauka. Unganisha mbili kwa nne mbili kwa gundi ya mbao, uzibane kwa klampu zako usiku kucha, kisha uzipige randa.

Kuhusu chaga, utahitaji mhimili wa katikati, na hili si la kubishania katika upana wa futi tano. Chaga inayovuka upana wote bila kuegemea popote, ukiigawa katikati kwa mhimili, kila kipande kinabaki na nusu ya urefu, na kwa uzito uleule upindaji wake unashuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Mhimili wenyewe ni mbili kwa nne iliyosimama, wala usiilaze. Ikisimama ina ukakamavu mara nne ya ile iliyolala. Tia mguu mmoja katikati yake.

MpangajiKihonda ameandika:

Mzee wangu, nashukuru sana, na ndugu wa msumeno nakushukuru pia. Zile mbao za kijani tayari nimezitenga.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Kuna vyuma vya kuungia kitanda vinavyouzwa madukani, vyenye ndoano upande mmoja na bamba lenye nyufa upande wa pili, ambavyo mtu huvivalisha tu bila spana. Je, haviwezi kuniondolea kazi ya kuchimba matundu? Halafu, muuzaji wa paini anasisitiza kwamba mbao zake ni kavu, lakini nilipoinua moja niliona ni nzito kuliko nilivyotarajia, na mkononi ilihisi ubaridi.

MwambaoTanga amejibu:

Shikamoo Mzee wa Patasi, maelezo yako yamekamilika na sina la kuyapinga. Nitajibu lile la ukavu, kwa maana huku kwetu pwani ndilo linaloharibu samani nyingi.

Ubaridi ulioushika ni maji. Mbao iliyopasuliwa karibuni huwa na maji mengi, nayo inapokauka husinyaa kwa upana wake na si kwa urefu wake. Chukua mfumbati wako wa inchi 6: ukiutengeneza ungali mbichi kiasi, kisha ukauke hadi kiwango cha chumbani, unaweza kupungua milimita 4 au 5 za upana, ilhali urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Matokeo yake ni kwamba ule ulimi uliosukumwa kwa kiganja utacheza ndani ya tundu, na bolti uliyoikaza vizuri utaikuta imelegea. Misumari ya vitanda vya barabarani hulegea kwa sababu hiyohiyo, ingawa watu husema fundi hakupigilia vya kutosha.

Usimbishie muuzaji. Nunua, kisha kaushe mwenyewe. Panga mbao zako chini ya paa, mahali penye upepo na pasipo na jua la moja kwa moja, ukizitenganisha kwa vijiti vya unene mmoja kila baada ya nusu mita, vijiti vya juu vikae sawasawa na vya chini yake, na uweke mawe au matofali juu ya rundo ili mbao zisijipinde. Jua kali huikausha mbao nje kabla ya ndani, ikapasuka vichwani. Ndiyo maana wengine hupaka rangi ya mafuta au nta kwenye vichwa vya mbao kabla ya kuzipanga. Paini ya inchi 1 huweza kuwa tayari katika miezi michache, na ya inchi 2 itahitaji muda zaidi.

Ili ujue imekauka, huhitaji kipimo cha kununua. Kata kipande cha urefu wa kiganja kutoka katikati ya ubao mmoja, si kwenye kichwa chake kilichokwisha kukauka, ukiweke pamoja na rundo, na ukipime uzito kila wiki kwa mizani ndogo ya jikoni, ukiandika namba kwa penseli juu ya kipande chenyewe. Namba zitashuka, zitashuka kidogo, kisha zitasimama. Zikisimama kwa wiki kadhaa, kipande hicho kimefikia kiwango cha hewa ya kwako. Na kwa kuwa kipande kifupi hukauka mapema kuliko ubao mrefu, ongeza wiki kadhaa nyingine kabla ya kuanza kazi. Ukiona madoa ya rangi ya buluu-kijivu kwenye paini, usiogope sana, kwani ni kuvu wa rangi tu ambao hauondoi nguvu ya mbao kwa kiasi cha kukuhangaisha. Lakini ukibonyeza kwa ncha ya patasi na mbao ikazama kama imeoza, irudishe.

Jambo la ziada kwa wale watakaosoma uzi huu wakiwa Tanga, Mtwara au Unguja: nunueni bolti zilizochovywa zinki au za shaba nyeupe. Chuma kitupu katika hewa ya chumvi hushikana na nati yake, na siku ya kuhama utakikata kwa msumeno wa chuma. Vilevile msifunike kitanda kizima kwa ubao mmoja mpana badala ya chaga, kwa maana jasho la usiku halina pa kutokea na godoro huota ukungu kwa chini.

SeremalaNakuru amejibu:

Hamjambo nyote. Huku kwetu Kenya wengi wetu tunatumia saipresi mahali pa paini, na yote aliyoyasema Mzee yanafaa kwayo vilevile.

Kuhusu vyuma vya ndoano sikubaliani na wale wanaovikataa moja kwa moja, ijapokuwa kwa mbao yako nakubali Mzee ana haki ya kupendelea bolti. Vyuma hivyo ni vizuri katika mbao ngumu, ambamo skrubu hushika kwa meno yake yote. Katika paini na saipresi skrubu zake fupi huanza kucheza baada ya kitanda kuvalishwa na kuvuliwa mara kadhaa, na chuma kikicheza juu ya chuma kitanda hulia. Kama utavitumia hata hivyo, chagua vile virefu vyenye skrubu nyingi, na uvifunge kwenye ubavu wa mfumbati. Usitegemee skrubu inayoingia kwenye kichwa cha ubao, sambamba na nyuzi, kwa maana hapo hushika vibaya hata kama ni ndefu.

Kilio cha kitanda hutoka mahali ambapo vitu viwili vinasuguana. Kata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli na uvibandike mahali chaga zinapoegemea, juu ya mti wa mbili kwa mbili unaofungwa upande wa ndani wa mfumbati ili kuzibeba na juu ya mhimili wa katikati. Mabega ya ndimi yasugue kwa mshumaa. Usiweke mpira kwenye mabega, kwa sababu mpira hubonyea na bolti haitakaza kamwe.

Hesabu ya chaga sijaona ikijibiwa. Ukichukua mbao za inchi 1 kwa 4, ambazo ni kama sentimita 10 za upana, na urefu wa kujaza ukiwa sentimita 183, chaga 12 zitakuachia mapengo 11 ya karibu sentimita 5.7 kila moja, na hicho ni kipimo kizuri kwa godoro la sponji, ambalo huanza kuzama kwenye mapengo yakizidi sentimita 7. Usipime kila pengo kwa futi. Kata kipande kimoja cha mbao chenye upana wa pengo, ukiweke kati ya chaga na chaga unaposonga mbele. Mbao zenye vifundo vikubwa ukingoni zitumie mahali pengine, kwa maana chaga huvunjikia kwenye kifundo.

Na upime godoro lenyewe kabla ya kukata chochote. Godoro linaloitwa tano kwa sita mara nyingi ni sentimita 152 kwa 183, lakini yapo yanayozidi na yapo yanayopungua. Ongeza sentimita 3 kwa kila upande wa hesabu, yaani 155 kwa 186 kwa ndani, upate nafasi ya kuchomeka shuka.

MpangajiKihonda ameandika:

Nimeridhika na bolti. Lipo moja tu ambalo bado linanitatiza: sakafu ya chumba chetu si sawa, ina mteremko kuelekea mlangoni. Ule mguu wa katikati nitaukata kwa urefu gani, ikiwa nyumba nyingine tutakayohamia itakuwa na sakafu tofauti?

Mzee wa Patasi amejibu:

Marahaba, MwambaoTanga.

Mpangaji, ukate mguu huo uwe mfupi kwa sentimita 2 kuliko kipimo, kisha toboa chini yake tundu la kusimama wima, uzamishe nati kwa kubana na gundi kali kwenye mdomo wa tundu, na uingize bolti kichwa kikiwa chini. Kichwa hicho ndicho kitakachokanyaga sakafu, na utakipandisha au kukishusha kwa spana ileile namba 17 hadi mhimili ugusane na chaga bila kuziinua. Ukiuzidisha, chaga zitaegemea katikati tu na mifumbati haitabeba kitu. Ukiupunguza, mhimili utakuwa pambo. Chini ya kichwa cha bolti weka kipande cha mpira kisichimbe sakafu ya mwenye nyumba.

Matendegu manne ya pembeni yote yawe na urefu mmoja, na mteremko wa sakafu utauziba kwa kabari nyembamba chini ya yale yanayoning'inia. Siku ya kufunga, kaza bolti zote nusu kwanza, kisha pima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukatisha. Vipimo viwili vikilingana, kitanda kimekaa mraba na unaweza kumaliza kukaza. Visipolingana, sukuma kwa goti pembe ya kile kipimo kirefu zaidi, pima tena, ndipo ukaze. Baada ya majuma machache ya kukilalia, pitia bolti zote kwa spana mara moja zaidi, kwa kuwa nyuzi za paini hubonyea chini ya washa mwanzoni na kisha hutulia.

Ukitaka kusimamisha nguzo za chandarua, usizifunge kwenye mifumbati. Ongeza urefu wa matendegu yenyewe hadi kimo cha mtu na mkono wake ulioinuliwa, uyaunganishe juu kwa fito nne za mbili kwa moja zinazovuliwa, lakini amua sasa kabla hujakata, kwa sababu tendegu lililokwisha kukatwa haliungiki.